Mazishi Niliyoyasikiliza Msituni

Mama alifariki siku ya Jumatano. Mimi nilikuwa kazini Rockville, namvalisha soksi bibi mmoja wa miaka tisini na kitu ambaye kila asubuhi ilibidi nijitambulishe kwake upya. Simu ilitetema mfukoni mara tatu mfululizo. Katika nyumba ile ya kulelea wazee tulikatazwa kupokea simu tukiwa na mgonjwa, kwa hiyo nilimaliza soksi, nikamvalisha viatu, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka chumba cha kulia, nikamfunga kitambaa shingoni. Ndipo nikaingia chooni na kumpigia kaka yangu.

"Mdogo wangu, kaa chini," akasema.

"Nimekaa." Nilikuwa nimesimama, mgongo kwenye mlango.

"Mama hatunaye."

Nilimwuliza amekufa na nini, kwa sababu Jumapili iliyopita nilikuwa nimeongea naye. Akasema presha. Ilipanda ghafla alfajiri, hawakuwahi hata kumfikisha hospitali. "Hakuteseka," akaongeza. Kwa siku tatu zilizofuata nililishikilia neno hilo moja. Kila aliyenipa pole nilimwambia, hakuteseka.

Sikuweza kwenda kumzika. Wakati ule nilikuwa na miaka minne Marekani, na ombi langu la kibali cha kuishi lilikuwa bado mezani kwa watu wa uhamiaji. Mwanasheria alikuwa ameniambia waziwazi kwamba nikitoka nje ya nchi kabla ya kujibiwa, ombi limekufa. Watu wengi tuliofahamiana nao, kuanzia Hyattsville mpaka Gaithersburg, walikuwa na mkasa wa namna hiyo. Kuna Mkongo mmoja niliyefanya naye kazi aliyewazika wazazi wake wote wawili kwa simu. Nilimwonea huruma sana, na moyoni nikasema mimi sitafika huko, mama yangu ana nguvu zake.

Kaka makaratasi yake yalikuwa kamili. Nilidhani ataondoka siku hiyohiyo. Lakini jioni alipokuja kwangu alisema likizo yake yote aliimaliza mwezi wa nane, alipokwenda Dar es Salaam wiki mbili kufuatilia hati ya kiwanja, na kazini hawatamwachia tena. Aliongea haraka huku akitazama pembeni. Nilifikiri ni uchungu.

Yeye na mkewe walikuwa wanakaa Gaithersburg na binti yao wa miaka tisa. Wifi yangu ni Mkenya wa Nyeri, muuguzi, mtu wa kusema jambo mara moja na kuendelea na kazi. Tangu mwezi wa sita alikuwa amekodi nyumba ya magogo kule milimani, kaskazini, karibu na mpaka wa Pennsylvania, ili wikendi hiyo ya mwezi wa kumi twende sote tukatazame majani yanavyobadilika rangi. Binti naye alikuwa na kazi ya shule: akusanye majani ya miti kumi tofauti na kuyabandika kwenye daftari. Mimi nilidhani safari imekufa. Ijumaa asubuhi wifi akanipigia.

"Wifi, nisikize. Watu wa maombi watakuja Jumapili jioni, chakula kimepangwa, hakuna kitu umebakisha kufanya. Sasa ukikaa peke yako kwa hiyo apartment mpaka Jumapili utapata wazimu. Twende. Si lazima mtu acheke."

"Na mazishi? Ni kesho."

"Simu utabeba," akasema. "Utabeba, si ndiyo?"

Niliongea na mtoto wa mama mkubwa kule Lushoto. Mama mkubwa ni dada wa mama, na mwanawe huyo ndiye aliyekuwa anashughulikia kila kitu. Akaniambia ibada itakuwa uani nyumbani saa nane mchana, kisha maziko palepale shambani, pembeni ya baba. Saa nane mchana kwao ni saa moja asubuhi kwetu. Akaahidi kusimama karibu na jeneza na kuishika simu juu, nisikie kila kitu. Nilinunua kadi mbili za kupigia nje, zile za kukwangua, nikaziweka kwenye mkoba pamoja na kitenge cheusi na kitabu cha nyimbo.

Tuliondoka mchana. Barabara ya 270 ilikuwa na foleni yake ya Ijumaa mpaka Frederick, halafu magari yakapungua na vilima vikaanza. Nisiseme uongo, palikuwa pazuri. Nilikuwa nimeshaona majani ya vuli mjini, kwenye miti iliyopandwa kwa mstari mbele ya maduka, lakini huku mlima mzima ulikuwa umebadilika, mwekundu na wa rangi ya manjano mpaka juu, na upepo ukipita majani yanadondoka mengi kwa pamoja bila kishindo. Niliona aibu kwamba macho yangu yanafurahi.

Nilimkumbuka mama. Mwaka wa kwanza nilipofika nilimweleza kwenye simu kwamba huku miti inapoteza majani yote, watu wanapanda magari kwenda kuyatazama yakianguka. Mama alizaliwa na kuzeekea ndani ya misitu ya Usambara, ambako mti ukipukutika wote basi unaumwa. "Wanakwenda kutazama, halafu?" aliniuliza. Nikamwambia halafu wanarudi nyumbani. "Hawaokoti hata kuni?" Alicheka mpaka akakohoa. Mwaka ule kikohozi chake kilikuwa cha kicheko tu.

Nyumba ilikuwa katikati ya miti, ina baraza ya mbao na jiko la kuni. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoa simu. Hakukuwa na hata kijiti kimoja cha mtandao. Nilizunguka nyumba, nikapanda juu ya meza ya barazani, nikatembea barabarani mpaka kwenye sanduku la barua. Hakuna. Kaka alikuwa anashusha mizigo.

"Kaka, huku simu haishiki."

"Ni milima," akasema. "Usijali, tutawapigia Jumapili tukirudi. Watatusimulia vizuri zaidi."

"Sitaki kusimuliwa. Nataka kusikia."

"Sasa tufanyeje, mdogo wangu? Mama yuko mikononi mwa watu wazuri."

Alinishika bega akaingia ndani na begi la mtoto. Nilikaa kwenye ngazi. Binti akaja, amejaza majani kwenye mfuko wa nailoni, akayapanga kwenye ubao karibu na mguu wangu na kunitajia jina la kila mti kwa Kiingereza. Nilimwuliza kwa Kiswahili lipi analipenda. Akanionyesha moja jekundu lenye madoa meusi ya ukungu, akanijibu kwa Kiingereza kwamba hili linaumwa, ndiyo maana limewahi kugeuka. Kisha akaniuliza kama Bibi alikuwa na maumivu. Nikamwambia hapana, ilikuwa ghafla. Akanitazama kama mtoto anavyomtazama mtu mzima aliyekosea hesabu, akaokota majani yake akaingia ndani.

Jumamosi niliamka saa kumi na mbili kasoro. Wifi alikuwa jikoni tayari, anachemsha chai ya maziwa. Nilikuwa nimejifunga kitenge juu ya koti. Nikamwambia nashuka barabarani kwa miguu, nitatembea mpaka simu ishike. Aliiepua chai. Alisimama akinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake, kisha akachukua ufunguo wa gari kwenye msumari.

"Kuna pahali tulipita jana," akasema, "hapo juu kwa parking ya watu wa kutazama mandhari. Simu yangu ililia pale. Twende."

Alimbeba mtoto akiwa amelala, ndani ya blanketi, akamweka kiti cha nyuma. Tulikuwa tunageuza gari kaka alipotoka mbio, viatu havijafungwa kamba. Alifungua mlango wa mbele.

"Mnakwenda wapi?"

"Kumzika mama yako," wifi akamjibu. "Ingia ama ubaki."

Akaingia nyuma. Akaanza kufunga kamba za viatu.

Pale juu palikuwa na kiwanja cha kokoto na ukuta mfupi wa mawe, na chini yake bonde lote limejaa ukungu. Jua lilikuwa halijatoka. Nilipiga zile namba ndefu za kadi, nikakosea, nikaanza tena. Simu ikaita. Mtoto wa mama mkubwa akapokea kwa kunong'ona.

"Dada, umefika wakati mzuri. Wanataka kusoma wasifu wa marehemu. Nainua simu. Usiseme kitu, watu wote watakusikia."

Niliweka sauti ya nje, nikaiweka simu juu ya ukuta wa mawe. Tukaizunguka, mimi na wifi mbele, kaka nyuma yetu. Kwanza niliwasikia kuku. Halafu watu wengi wakikohoa na viti vikisogezwa, halafu mzee wa kanisa mwenye sauti niliyoifahamu tangu utoto. Alisoma mahali alipozaliwa mama, shule aliyosoma, mwaka aliofunga ndoa, watoto aliojaliwa. Alinitaja kwamba niko Marekani. Hapo nikaanza kulia, kilio cha kawaida.

Kisha akasoma hivi, na sijasahau hata neno: "Marehemu alianza kusumbuliwa na maradhi ya tumbo mwezi wa pili mwaka huu. Alitibiwa hospitali ya wilaya bila nafuu. Mwezi wa nane alipelekwa Dar es Salaam, akisindikizwa na mwanawe wa kwanza aliyetoka Marekani kwa ajili hiyo, ambako iligundulika kuwa ana saratani iliyokwisha kusambaa. Alirudishwa nyumbani, akauguzwa na dada yake, akavumilia maumivu makali kwa imani, hadi Bwana alipomtwaa."

Kilio kilinikauka. Nakumbuka niliinama karibu zaidi na simu, nikidhani mzee amechanganya karatasi, kwamba kuna msiba mwingine jirani. Niligeuka. Kaka alikuwa ametazama chini kwenye kokoto.

Waliendelea. Waliimba, wakabeba jeneza kwenda shambani, na kwa dakika nyingi nilisikia tu miguu kwenye nyasi na mtoto wa mama mkubwa akipumua. Mchungaji alisema maneno ya mavumbi. Udongo wa kwanza ukadondoka, nao kwenye simu ulisikika kama mtu anabisha hodi mlango wa jirani. Halafu vishindo vya majembe, vingi. Mama mkubwa alipiga ukunga mmoja. Kisha mwanamke wa kwenye kadi akaingia kwa Kiingereza kutuambia dakika zimebaki moja, na simu ikakatika wakati wanaimba. Kadi ya pili ilikuwa mkobani. Sikuitoa.

"Mwezi wa pili," nikasema.

Kaka alisukuma kokoto kwa kiatu.

"Mwezi wa pili, kaka. Leo ni wa kumi."

"Nisikilize kwanza."

"Uliniambia presha. Uliniambia hakuteseka. Uliniambia kiwanja!"

"Mama mwenyewe ndiye aliyekataza. Alinishika mkono, akasema mtoto huyu usimwambie, akisikia atapanda ndege, na akipanda harudi. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia mimi nikaamua!"

"Ungeamua kwenda."

"Ndiyo, ningekwenda!"

"Basi ndiyo maana sikukuambia." Alikuwa analia sasa, machozi yanashuka naye hayafuti. "Miaka minne unavalisha wazee wa watu soksi, halafu urudi Lushoto ukakae na kaburi?"

Nikamwuliza lile lililobaki. "Ulijua huku simu haishiki?"

Wifi akasema, "Jibu."

"Nilijua," akasema. "Niliwapigia wenye nyumba nikawauliza. Sikutaka usikie kwa mzee wa kanisa. Nilitaka nikwambie mwenyewe, taratibu."

"Lini?"



Nilimpiga. Sijawahi kumpiga mtu tangu nimekuwa mtu mzima, lakini nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, naye akasimama tu. Ndani ya gari mtoto alikuwa ameamka, ameweka uso kwenye kioo. Nilipomwona nikaondoka. Palikuwa na njia ya watembea kwa miguu inayoteremka msituni kutoka pembeni mwa ukuta, nikaifuata nikiwa na viatu vya nyumbani. Majani yalikuwa yamelowa umande. Sikufika mbali. Niliteleza, nikaangukia mkono wa kushoto, nikakaa palepale kwenye majani na kitenge changu.

Hapo chini ndipo niliposikia Jumapili zote zile. Kila Jumapili nilimpigia mama baada ya ibada. Tangu Pasaka sauti yake ilikuwa imepungua, akasema mafua. Kisha akaanza kukatisha mazungumzo, anasema kadi yako itaisha. Kisha mama mkubwa akawa ndiye anayepokea, anasema subiri nimpelekee, na nilisubiri muda mrefu wa mtu anayekalishwa kitandani. Mimi kazi yangu ni hiyo. Nikiingia chumbani kwa mzee wa Rockville, kabla hajaniambia kitu, kwa anavyovuta pumzi tu najua kama atafika wiki ijayo. Wauguzi walikuwa wananiuliza maoni yangu. Na mama yangu alipumua sikioni mwangu kwa miezi minane sikusikia kitu. Au nilisikia nikaona ni heri iwe mafua. Mpaka leo sina hakika, na ndicho kinachoniuma zaidi kuliko uongo wa kaka.

Wifi alinifuata. Hakunikumbatia. Alichuchumaa, akaushika mkono wangu, akaubonyeza kifundo kwa vidole viwili.

"Haijavunjika. Imeteguka."

"Ulijua?"

"Nilijua." Alifungua mtandio wake akaanza kunifunga. "Nilimwambia akuambie. Nikamwambia tena. Tukakosana wiki mzima. Lakini hakuwa mama yangu, wifi. Hiyo maneno haikuwa yangu kutoa mdomoni. Kukuleta hapa asubuhi, hiyo ndiyo niliweza."

"Na mtoto?"

"Alisikia tukiongea. Tulimkataza kusema."

Tulikaa mpaka jua likatoka na msitu ukawaka rangi zake zote kutuzunguka. Nilitamani uwe mweusi.

Nilitaka nirudi mjini, lakini gari lilikuwa moja, na pale nyumbani kwangu kulikuwa na nini? Tulibaki. Mchana binti alisema kwa sauti ndogo kwamba amebakiza majani manne.  Nikavaa viatu vya mama yake, nikatoka naye, na kaka akatufuata nyuma, hatua kama ishirini.

Tulitembea hivyo karibu saa nzima. Binti alikuwa anainama, anaokota, anakataa, anaokota tena. Kulikuwa na kijito, akavua viatu akaingia japo maji yalikuwa ya baridi, akapiga kelele. Nikajikuta nimecheka. Kaka alitufikia hapo, akakaa juu ya gogo lililoanguka nililokalia, karibu yangu lakini si sana.

"Unakumbuka nilikupigia kutoka Dar?" akasema bila kunitazama. "Nikakuuliza mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwaje?"

Nilikumbuka. Mwezi wa nane. Aliniambia rafiki aliyempa pa kulala anamuuguza mama yake mzazi, nyumba nzima hawajui wafanye nini. Nilimweleza karibu nusu saa. Nilimwambia wamgeuze kila baada ya saa mbili, waweke mto katikati ya magoti, wasimvute bali wamnyanyue na shuka, wamwangalie kisigino na nyonga kama pamebadilika rangi. Nilimwambia wamuoshe mgongo kwa maji ya vuguvugu na waongee naye wakati wote, hata kama hajibu, wamtangulizie kila wanachotaka kufanya.

"Nilifanya kila ulichosema," akasema. "Wodini hapakuwa na dada wala shangazi, nilikuwa mimi tu. Mimi mwanaume nimemuosha mama. Siku ya kwanza alifunika uso na kanga. Nikamwambia mama, sasa nakugeuza upande wa kulia. Mama, sasa naosha mgongo. Akaniuliza nani amekufundisha. Nikamtajia jina lako."

"Akasemaje?"

"Akasema, anajua kazi yake."

Nilitaka nimchukie pale kwenye gogo, nami nilikuwa na haki. Lakini nilimwona akiwa na beseni, mwanaume mzima, anasema sasa naosha mgongo. Sikumsamehe. Nilisogea tu, kwa sababu gogo lilikuwa na unyevu upande wangu.

Jumapili jioni watu walijaa nyumbani kwa kaka Gaithersburg. Viatu vilifika mpaka barabarani. Wakatoliki, Walutheri, Waislamu wawili waliokuja na sufuria ya pilau, wanafunzi, mama mmoja wa ubalozini. Kila aliyenishika mkono aliuliza alikuwa anaumwa nini. Kaka alikuwa amesimama pembeni yangu. Nikawaambia saratani, tangu mwezi wa pili. Nilisema kwa sauti, na kila niliposema nilimsikia anavuta pumzi. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Baada ya hapo tuliongea, lakini yale ya lazima. Nilikwenda kwao Krismasi kwa ajili ya mtoto. Kibali changu kilitoka mwaka wa pili baada ya msiba, kwa barua ya kawaida kabisa niliyoikuta katikati ya matangazo ya piza. Nilikaa nayo kwenye ngazi za jengo. Mama alikuwa amenunua karatasi ile kwa namna yake, na sikujua kama niiheshimu au niichane. Mwezi uliofuata nilisafiri.

Mama mkubwa alikuwa amezeeka. Alinipeleka kaburini, tukang'oa magugu, kisha tukakaa kwenye majani ya migomba aliyoyatandika. Nikamwuliza kama ni kweli mama alikataza nisiambiwe.

Alifikiri. "Asubuhi alikuwa anakataza," akasema. "Mkali kabisa. Msimwambie mtoto, atakuja kuharibu mambo yake. Ikifika jioni homa ikapanda, anauliza, huyu wa kike mbona hafiki? Amekwama wapi? Basi mimi namwambia yuko njiani. Ameshapita Korogwe. Kesho yake namwambia yuko Mombo, anatafuta gari la kupanda mlima. Nikisema Mombo anatulia, analala."

"Kila siku?"

"Kila siku mwanangu. Ile ya mwisho nilimwambia umeshafika Soni, unakaribia kabisa."

Nilikaa Lushoto wiki tatu. Sikumwuliza mtu mwingine kitu.

Kaka alinipokea uwanja wa ndege wa Dulles. Alinibebea sanduku, akaniuliza habari za barabara, za mvua, za bei ya sukari. Tulipokuwa ndani ya gari hakuwasha. Aliweka mikono yote miwili kwenye usukani.

"Mama mkubwa amesemaje?"

"Kuhusu nini?"

"Unajua."

Nilitazama mbele, kwenye ukuta wa maegesho. Ningeweza kumwambia. Alistahili, na miaka miwili nilikuwa nimetafuta kitu cha kumwumiza nacho.

"Amesema mama alikataza," nikamwambia. "Amesema alikataza kila siku, asubuhi na jioni."

Alifunga macho. Kisha akawasha gari. Nyumbani wifi alikuwa amepika ugali na sukuma na nyama ya kukaanga, na kaka, ambaye mkewe aliniambia hakuwa anakula vizuri tangu niondoke, alikula sahani mbili.